Msahihishaji Asomaye Kinyumenyume

Saa mbili asubuhi, mashine za kuchapia vitabu zinanguruma ghorofa ya chini. Juu, kwenye chumba chenye dirisha lisilofunguka, Mzee Nukta ameinamia kitabu cha Kiingereza cha shule ya msingi. Rula iko mkononi, kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Anasoma ukurasa kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza.

Usidhani kachanganyikiwa. Ndivyo alivyofundishwa kazi ya usahihishaji tangu ujana wake.

"Ukisoma kwenda mbele, hadithi inakubeba, kosa linakupita hivi hivi," anasema. "Ukirudi nyuma, maana inakufa. Linabaki neno tupu na kosa lake."

Jina la Nukta ni la utani, alipewa na wenzake, na sasa hata mlinzi wa getini hamwiti vingine. Analipwa kwa ukurasa, na ukurasa mmoja haununui mkate. Macho nayo yameanza kumgomea.

Na kero anazo, jamani! Mtu akiandika "loose", yaani legevu, akimaanisha "lose", yaani poteza, siku ya mzee imeharibika. Saluni ya jirani ina bango limeandikwa "your welcome" badala ya "you're welcome", naye kila akipita hapo lazima asonye. Kuna mwaka alimrudishia bwana harusi mmoja kadi ya mwaliko ikiwa nyekundu tupu kwa masahihisho. Harusini hakuitwa tena. Anacheka akilisimulia hilo, kisha kicheko kinakatika.

Nyumbani kwake ilikuwa sheria: watoto wamwandikie baba kwa Kiingereza tu. Yeye alisahihisha, akarudisha, na chini akaandika neno moja, "Rudia."

"Marehemu mke wangu alikuwa akiniambia, 'Baba watoto, hawa si wanafunzi wako,'" anakumbuka. "Mimi najiona nawatengenezea maisha."

Binti yake, kifungua mimba, aliolewa mji wa mbali. Asubuhi moja, miaka miwili iliyopita, mzee akiwa kwenye meza hii hii, ujumbe wake uliingia kwenye simu. Ulikuwa mrefu, hauna nukta hata moja, maneno yamepandana. Mzee akasonya. Akausoma kama asomavyo kurasa zake, kutoka chini kwenda juu. Akaunyoosha wote, akaurudisha: "Rudia."

Binti hakurudia.

Wiki iliyofuata mzee alipigiwa simu kutoka hospitali. Mpigaji alikuwa mdogo wa marehemu mkewe, ambaye watoto humwita mama mdogo. "Shemeji," alimwambia, "mwanao alikulilia. Ulimjibu nini?"

Hapo ndipo alipoufungua tena ujumbe ule na kuusoma kuanzia juu.

"Alikuwa anasema mumewe anampiga," anasema, macho kwenye rula. "Anaomba nimruhusu arudi nyumbani. Alijifungia bafuni akaniandikia huku mlango unagongwa. Mimi nikamwekea mikato."

Binti alivunjwa taya. Jicho lake la kushoto halioni tena. Sasa anaishi kwa mama mdogo, na baba yake akifika, yeye huingia chumbani na kufunga mlango.

"Mwache kwanza, shemeji," mama mdogo humwambia. "Kaa unywe chai." Mzee hunywa, huaga, huondoka.

Kwa nini basi asiache kazi hii? Anaguna. "Niache nikale nini? Na hata nikiacha, macho yameshazoea. Juzi nimesoma tangazo la msiba wa rafiki yangu. Nimefika juu kabisa sijajua kafa nani. Ikabidi nianze upya."

Kila Ijumaa humwandikia binti yake kuomba radhi. Kimya. Mpaka wiki hii, simu ilipolia.

Anaitoa mfukoni na kuisogeza mezani. Ni ujumbe wake mwenyewe, kwa kile Kiingereza chake cha kujivunia, umerudishwa. Binti amemkuta na makosa mawili, ameyasahihisha. Chini kaandika, "Rudia."

Wenzake walimpongeza. Si amejibu? Si amesoma?

"Amesahihisha," mzee anasema. "Kama amesoma, sijui. Mtu anaweza kusahihisha ujumbe mzima asisikie hata neno. Nani ajuaye hilo kuliko mimi?"

Jumapili anakwenda tena. Safari hii hatakwenda na simu wala kalamu, na chai ataikataa. Ataketi sakafuni nje ya mlango ule wa chumba, aseme yote kwa mdomo, kwa Kiswahili cha nyumbani.

"Nitaanza mwanzo kabisa, siku aliyozaliwa," anasema. "Asipofungua, nitauambia mlango. Kaniambia nirudie, nitarudia."

Anafuta macho kwa mkono wa shati. Kisha anavuta ukurasa mwingine na kuweka rula chini ya mstari wa mwisho.