Kabureta Mbili za Gari la Padri

Mume wangu aliporudi kutoka vitani hakuwa na jeraha la kuonekana. Tulimkagua, mimi na mama yake, kama watu wanaonunua mbuzi mnadani, tukamkuta mzima, tukamshukuru Mungu. Kabla ya vita alikuwa fundi magari anayejulikana kuanzia kwetu Nyarubungo hadi kwenye malori ya Lusahunga. Jeshini walimpa kazi ya kutengeneza magari ya kukokota mizinga. Sasa alitaka kurudia bisibisi zake tu.

Lakini minong'ono haikuchelewa. Vijana wanampa shikamoo, anapita kimya. Padri wetu alimwambia "Tumsifu Yesu Kristo" mlangoni pa kanisa, na yeye akaendelea kukung'uta kofia yake. "Vita vimemtia majivuno," wanawake walisema kisimani, makusudi nisikie. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga niliyeolewa kwa Wasubi, na maneno ya kisimani sina subira nayo. Niliwajibu vibaya. Moyoni, hata hivyo, nilikuwa najiuliza yaleyale.

Padri hakununa. Alimletea mume wangu kigari chake cha zamani cha kupelekea wagonjwa hospitali, kidogo kiasi kwamba akiingia ilibidi aikunje kanzu magotini. Injini ilikuwa imekwisha. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha, sembuse pistoni za gari kama lile. Mume wangu akatafuta pistoni za injini nyingine, kubwa kidogo, akapeleka bloku ya injini Mwanza, silinda zikachongwa zizipokee. Injini ikarudi na nguvu ambazo haikuzaliwa nazo, na likabaki swali moja: kabureta ipi itailisha? Kulikuwa na ile yake ya zamani, ndogo, na nyingine kubwa aliyoing'oa kwenye gari bovu Lusahunga.

"Hili lisipopanda vilima vya Ngara na mgonjwa kiti cha nyuma," aliniambia, "hakuna atakayeniletea gari tena." Alikuwa anasema kweli, na niliogopa.

Jioni nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma, lakini asubuhi, nikitoka shamba, nilikuwa huru kuuliza. Nami nikianza kuuliza siachi. Kidude hiki kinafanya nini? Akanieleza kwamba injini huvuta pumzi, hewa ikapita kwenye koo jembamba la kabureta, ikanyonya petroli kwenye kijitundu na kuipasua iwe ukungu. Ukungu ndio unaowaka.

"Basi koo kubwa ni bora," nilisema.

"Mwalimu umefaulu!" alisema, kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Akaifunga ile kubwa. Gari likanguruma, kuku wakatawanyika, na uso wa mume wangu ukachanua vile ambavyo sikuwahi kuuona tangu arudi. Lakini kwenye mlima wa kwanza tu likakohoa na kutoa moshi mweusi. Tulipofungua plagi zilikuwa zimejaa masizi. Akafunga ndogo, akapanua kidogo kile kijitundu cha petroli. Gari likapanda bila kulalamika. Mimi nilishaona kazi imekwisha, lakini yeye alikunja uso.

"Hii imekufa. Haina sauti."

Akairudisha kubwa. Alifanya hivyo mara tatu, na petroli yenyewe ilikuwa ya kibali.

Ilinikera kutojua kwa nini kubwa ishindwe. Jibu nililipata jikoni, nikipambana na kuni mbichi. Ukipuliza moto kwa mdomo wazi, pumzi inatawanyika na majivu yanakurudia usoni. Ukibana midomo, moto unashika. Nikatoka mbio kumwambia, kijinga cha moto bado mkononi.

Alikuwa ameinama juu ya injini, kabureta ndogo imefungwa, anageuza skrubu yake. "Fundi!" nilimwita. Hakugeuka. Nilimwita tena, kisha mara ya tatu nikiwa hatua mbili nyuma yake. Injini ilikuwa inachechemea, hata mimi nisiye fundi niliisikia, naye alizidi kugeuza kule kule kubaya. Akatega sikio la kulia, akatega la kushoto, karibu liguse chuma cha moto.

Nikaelewa. Ile kubwa aliipenda kwa sababu ndiyo peke yake aliyoweza kuisikia. Na shikamoo za vijana hazikumfikia, wala ile salamu ya Padri. Nililia, na kilikuwa kilio cha hasira zaidi kuliko cha huruma. Miezi minne tunalala kitanda kimoja, na mtu ananificha masikio!

Nilitupa kijinga, nikazunguka nikasimama mbele yake, nikafuta uso. Nikainua mkono na kumwashiria: rudisha. Akarudisha skrubu, polepole, macho kwenye mkono wangu. Injini ikaacha kuchechemea, ikatulia kabisa. Nikaukunja mkono ngumi: hapo hapo.

"Ni mizinga," alisema. "Usimwambie mtu. Nani atamletea gari fundi asiyesikia?"

Sikumwambia mtu. Padri alipokuja kuchukua gari nilisimama ubavuni mwa mume wangu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Nikamgusa kiwiko.

"Milele amina!" alijibu, na kuku wakatawanyika tena.

Padri alikitazama kiwiko, kisha akanitazama mimi. Akakunja kanzu, akawasha gari, akaenda.

Wiki iliyofuata alirudi Nyarubungo. Gari lilikuwa limempeleka Ngara na mgonjwa na kumrudisha, na safari hii alikuwa anasukuma pikipiki mbovu ya katekista. Aliiegemeza ukutani, akamwendea mume wangu kwa mbele, akamshika mkono kwanza, na alipohakikisha anatazamwa ndipo akamsalimu.