Jinsi Tulivyoliuza Trekta la Bi Mwanahawa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa kigoda. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na ovaroli mpya iliyonyooshwa pasi, na Mkuu wa Karakana, mzee mnene mwenye masikio yenye nywele, aliniangalia juu hadi chini akasema, "Kaa hapo. Usishike kitu. Sikiliza." Yakawashwa matrekta manne uani. Niliketi mbele ya matrekta hayo tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha Mkuu akaja kuniuliza lipi ni gonjwa. Nikaonyesha lile lililokuwa likipiga kelele kuliko yote.

"Hilo eksozi yake imetoboka tu," akasema. "Mgonjwa ni yule wa pembeni anayenung'unika. Kesho utakaa tena."

Nilikaa juma zima. Ndivyo ufundi ulivyofundishwa enzi zetu. Karakana ile ilikuwa ya serikali, huku mjini, mtaa wa Gerezani, na matrekta ya mashamba ya umma yaliletwa pale kufanyiwa ovahoo, yaani injini kufunguliwa yote, kuoshwa, kubadilishwa kilicholika na kufungwa upya. Baada ya miaka mitatu nikahamishiwa shamba la mpunga huko bara. Meneja wa Shamba alikuwa mtu mkali asiyetaka visingizio. Akiona moshi mweusi anajua dizeli inaingia nyingi kupita kiasi. Akiona wa bluu anajua oili inaungua, na fundi utamweleza kwa nini. Kwake nilijifunza kwamba trekta halizeeki kwa miaka. Linazeeka kwa saa lilizofanya kazi na kwa mikono ya anayelitunza.

Shamba lile lilipofungwa nikarudi nyumbani Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu nilikozaliwa, nikiwa na mke, watoto watatu na sanduku la vifaa. Nikaajiriwa kwenye duka la spea karibu na barabara ya Msimbazi. Mwenye duka alikuwa wa familia ya Kiarabu iliyokaa mtaani kwetu tangu enzi za babu zake, na sote tulimwita Ami. Mbele ya duka ziliuzwa bearingi, fani-belti na filta. Nyuma kulikuwa na yadi, na huko ndiko nilikofanya kazi miaka ishirini na mbili mpaka nikastaafu.

Lazima niwaeleze kazi ya yadi ile, maana vijana wengi hawaijui. Trekta kuukuu lina bei mbili. Iko bei ya kulima, anayotoa mkulima anayetaka kuliingiza shambani. Na iko bei ya spea, ukilifungua na kuuza giaboksi peke yake, pampu ya dizeli peke yake, matairi peke yake. Kwa aina za zamani ambazo bado ziko nyingi mashambani, bei ya spea huwa kubwa kuliko ya kulima. Kulifungua hivyo tuliita kuchinja. Mengi tuliyoyachinja yalikuwa yamekwisha kufa, na sikuona ubaya wowote. Trekta lililopasuka injini huponya mengine matano.

Bi Mwanahawa alikuja dukani asubuhi moja ya Jumanne, miaka michache kabla sijastaafu. Alikuwa ametoka bonde la Ruvu, amepenya kati ya mikokoteni na wachukuzi wa Kariakoo huku kashika ushungi wake kwa mkono mmoja. Alifuatana na shemeji yake, Bwana Idrisa. Mumewe, marehemu Shabani, alikuwa amefariki mwaka ule na eda yake ilikuwa imekwisha. Aliacha mabinti wawili, shamba la mpunga, na trekta.

"Shamba tumeshagawana," Bwana Idrisa akaniambia. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi, na kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume, naye alikuwa na fungu lake. "Trekta haligawanyiki. Inabidi liuzwe. Tunataka utushauri liuzwe vipi."

Bi Mwanahawa hakumpinga. Aliuliza tu, "Fundi, utakuja kuliona kwanza?"

Nilikwenda kesho yake. Lilikuwa chini ya banda la makuti, limeoshwa. Kiti chake kilikuwa kimepasuka, marehemu akakishona kwa mpira wa baiskeli, mishono midogo midogo kama ya fundi cherehani. Nikageuza ufunguo. Likawaka mara moja, moshi ukatoka mweupe kidogo kisha ukapotea. Nikakaa chini nikalisikiliza kwa muda mrefu. Nikapandisha haidroliki, ile mikono ya nyuma inayonyanyua plau, nikaiacha juu tukanywa chai. Tuliporudi ilikuwa haijashuka hata kidole. Trekta lile lilikuwa na umri wa kuzidi wangu kazini, na lilikuwa zima.

"Kaya karibu zote za upande huu zinalimiwa na hili," Bi Mwanahawa akaniambia. "Wamenifuata. Wameunda kikundi. Wanataka walinunue wao, watoe nusu sasa, nusu baada ya mavuno."

"Mavuno yasipokuja?" akauliza Bwana Idrisa. "Mirathi haingoji mvua, shemeji. Na mimi nina mambo yangu."

Nikatoa ushauri wangu, na mpaka leo naamini ulikuwa sahihi. Niliwaambia yamebaki miezi miwili masika yaanze. Mkitangaza sasa watakuja madalali, maana mkulima hununua trekta anapoona mawingu. Mkipeleka mnadani litaondoka kwa bei ya kutupa. Vuteni subira, wapeni kikundi au mkulima mwingine, kila mtu atapata haki yake na trekta litabaki likilima.

"Nakupa wiki mbili," akasema Bwana Idrisa. "Ukipata huyo mkulima wako ndani ya wiki mbili, sawa. Usipompata, atalichukua atakayekuja."

Alipokwenda kuifuata pikipiki yake, Bi Mwanahawa akanisogelea. "Nitafutie mkulima, Fundi. Marehemu Baba Tausi alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Wasije wakalichinja."

"Nakuahidi, dada," nikamwambia.

Nililipiga picha kwa simu, nikazituma kwa kila mteja wa shamba niliyekuwa na namba yake. Wakapiga simu madalali. Mkulima mmoja wa Kilosa alilitaka kweli, lakini alikuwa anasubiri auze ufuta wake kwanza, na wiki ya kwanza ikaisha.

Siku ya kumi na moja akaja mtu dukani, shati jeupe, viatu vinang'aa. Akasema ana shamba Mkuranga na ameona picha. Tukaenda naye Ruvu, na Ami akaja pia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Yule bwana akalizunguka trekta. Akaniuliza giaboksi iliwahi kufunguliwa? Pampu ni ile iliyokuja nalo? Krenki ilishachongwa? Hakuuliza linalima eka ngapi kwa siku. Hakuuliza linakunywa dizeli kiasi gani. Plau ilikuwa imelala pale pale kando ya banda, wala hakugeuza uso kuitazama.

Mkulima huuliza plau kwanza. Nimewaona mamia. Nikamjua palepale yule bwana ni mtu wa namna gani.

Ami akanivuta pembeni, nyuma ya choo cha makuti. "Abdala," akasema taratibu, "yule ni mtu wangu."

"Ami, huyu mama nimemuahidi."

"Umemuahidi wewe, mimi sikumuahidi. Wateja wanne wanasubiri giaboksi ya aina hii, unajua mwenyewe. Mama atalipwa bei nzuri, kuliko kile kikundi chake. Nani anadhulumiwa hapo?"

"Si angeambiwa tu?"

"Akiambiwa atakataa, na huyu Idrisa atalipeleka kwa dalali mwingine litachinjwa vilevile. Nyamaza, mwanangu. Umebakisha miaka miwili tu kwangu, tuimalize vizuri."

Alikuwa ananizidi kidogo tu kwa umri, lakini aliniita mwanangu. Nikarudi bandani. Bwana Idrisa alikuwa tayari anapeana mkono na mnunuzi. Bi Mwanahawa alisimama kando ya gurudumu la nyuma, akanitazama mimi, si wao.

"Fundi, huyu bwana ni mkulima?"

Ningeweza kusema neno moja tu. Nikasema, "Anasema ana shamba Mkuranga, dada."

Akaitikia kwa kichwa. Akaweka dole gumba kwenye karatasi ya mauzo pale alipoonyeshwa, na kabla hawajaondoka akamwelekeza mnunuzi jinsi ya kuachia klachi pole pole asubuhi ikiwa kuna baridi.

Baada ya siku tisa lobedi, lile gari refu la kubebea mitambo, likaingia kinyumenyume yadini kwetu. Nililitambua trekta kwa kiti chake kabla sijaona kitu kingine. Ami alikuwa juu, dirishani kwake. Hakushuka. Alimtuma karani aniambie nilianze leo, kwani mteja wa injini anakuja mchana, alitaka kuisikia ikiwaka.

Nikaiwasha. Ikawaka mara moja. Mteja akainamisha kichwa, akasikiliza, akatabasamu. Kisha nikaizima, nikafungua natu ya chini ya tangi, dizeli ikamwagikia beseni.

Nilidhani nitapata shida kuifungua mashine ya umri ule. Kwa kawaida natu za trekta kuukuu hukaza kutu, utazipiga nyundo, utazichoma moto, utavunja bolti. Zile zililegea kwa mkono. Kila bolti ilikuwa imepakwa grisi, hata zile ambazo hakuna fundi anayezikumbuka, za chini ya tangi na za ndani ya madigadi. Marehemu alikuwa amezitunza ili fundi wa kesho asipate taabu. Kazi ya siku nne niliimaliza kwa siku mbili. Mke wangu aliniuliza jioni ile mbona nimewahi kurudi.

Masika yalipoanza simu ikaita. "Fundi, shikamoo," akasema Bi Mwanahawa, ingawa hatukupishana sana kwa umri. "Kikundi wanataka kulikodi kwa yule bwana wa Mkuranga. Hata siku tatu tu. Nipe namba yake."

Nikamwambia namba ya yule bwana haipatikani. Akapiga tena juma lililofuata, nikamwambia hivyo hivyo. Mara ya tatu sikupokea. Baada ya hapo hakupiga tena.

Nilistaafu kama ilivyopangwa. Ami alinipikia pilau, akanivisha kanzu mpya mbele ya wafanyakazi na majirani wa mtaa mzima, akasema Abdala ni mtu mwaminifu ambaye hakuwahi kumwangusha. Watu wakapiga makofi. Nilikaa na sahani ile mpaka wali ukapoa.

Mwaka jana nilikwenda kwenye hitma ya jamaa yetu huko Mlandizi. Wenzangu waliporudi mjini mimi nikabaki, nikauliza njia. Sijui nilitaka nini. Nilimkuta Bi Mwanahawa shambani na mabinti zake wote wawili, wameinama, majembe mikononi. Kipande kilicholimwa kilikuwa kidogo, na pembeni yake pori lilikuwa limefika kiunoni. Banda la makuti lilikuwa limeanguka upande mmoja.

Alinitambua kabla sijafika karibu. Akanyoosha mgongo, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Karibu, Fundi."

"Ahsante, dada. Habari za hapa?"

"Tupo. Kikundi kimekufa. Kila mtu analima anapoweza." Akawatazama mabinti, wakaenda mbali kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ile ile ya kawaida, "Tulisikia lilichinjwa. Wewe ndiye uliyelifungua?"

"Ni mimi, dada."

"Lilikuwa bado zima?"

"Zima kabisa."

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno njiani, kuhusu Ami, kuhusu Idrisa na wiki zake mbili, kuhusu umri wangu. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililotoka.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningeuza hivyo hivyo, ningefanya nini na Idrisa pale? Lakini ningelikwenda kuliaga. Mimi nililiacha liondoke kama linakwenda kulima."

Akamwita binti mmoja aniletee maji. Nikanywa nikiwa nimesimama. Nikamwomba radhi, akasema amesamehe, haraka haraka, kama mtu anayemaliza kazi ndogo ili arudi kwenye kubwa.

Vijana wa gereji bado huja kwangu Sikukuu kuniuliza trekta lao waliuze vipi. Nawaeleza yote: msimu, mnada, madalali, bei ya kulima na bei ya spea. Nawaeleza dalili za mnunuzi asiye mkulima. Wananishukuru na kuniita bingwa. Kisha wanakwenda kuuza kwa anayetoa zaidi, na mimi siwalaumu, wala sioni kitu kitakachobadilika kwa mimi kuwaeleza. Miaka arobaini ya kusikiliza injini, na siku niliyotakiwa kusema neno moja sikulisema.

Nilipoaga siku ile Bi Mwanahawa alikuwa amekwisha inama tena. Nikageuka kukata shamba kwa njia ya mkato, akaniita. Nikasimama nikidhani ana neno.

"Pitia kwenye tuta, Fundi," akasema bila kuinua kichwa. "Hapo tumeshapanda."