Mistari Myeupe ya Steji ya Zamani

Mwaka ule steji ilipohamishwa, mimi nilikuwa kijana wa kupaka rangi. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba na brashi, tukivuta mistari myeupe pale katikati ya Garissa ambapo mabasi ya Wajir yalikuwa yakishusha watu tangu nizaliwe. Mhandisi mmoja kutoka Nairobi alikuwa amekuja na ramani. Alisema mji umekua, na mji uliokua hauwezi kuacha lori la mbuzi, basi la abiria na mkokoteni wa punda vigombanie upenyo mmoja mbele ya soko. Hapo alisema kweli. Mabasi yakapelekwa ng'ambo ya mji, upande wa darajani, na steji ya zamani ikawa maegesho. Kila gari na kijisanduku chake.

Watu walicheka mpaka wakachoka. Mtu aliyezoea kuacha gari popote alipokutana na rafiki sasa aliambiwa arudi kinyumenyume aingie ndani ya mistari. Kulikuwa na baiskeli pia, zote za kijani: unaichukua steji mpya, unaiacha sokoni au hospitalini, mwenzako anaichukua. Wazee hawakuwa tayari kupandisha kikoi hadi magotini mbele ya wakwe zao, wanawake ndiyo usiseme, basi zikabaki kwa vijana na wauza miraa. Moja ilionekana mbali kabisa, huko Masalani, ikibeba madumu ya maji. Mimi nilizitetea kwa ukali. Nilikuwa nimepata mshahara wa kwanza maishani, na sikutaka kusikia neno baya juu ya mipango ya mji.

Mama yangu alikuwa Habaswein, kwenye njia ya Wajir, na mifugo, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Siku hizo habari zilisafiri kwa midomo ya madereva: unamwambia dereva, dereva anamwambia muuza chai, na muuza chai hakosi kumjua unayemtafuta. Kwa njia hiyo nilimwita mama aje atibiwe. Kwa njia hiyo hiyo akajibu kwamba angekuja na basi la Jumanne, nimpokee steji. Neno lilifika salama, halikupungua wala kuongezwa.

Sasa, kuhama kwa steji kulitangazwa kwa kipaza sauti juu ya gari, mtaa kwa mtaa, yaani kwa watu waliokuwa wakiiona kwa macho yao. Huko Habaswein hakuna aliyeambiwa. Steji ni ya mtu anayekuja, na anayekuja hakuulizwa. Mpaka leo nikilifikiria hilo hasira inanipanda, na sijui nimkasirikie nani.

Jumanne nilifika steji mpya mapema, nimevaa shati safi. Jua likapanda. Basi kuchelewa halikuwa jambo la kumtia mtu wasiwasi. Barabara ile ilikuwa mchanga na mashimo, na gari lilifika Mungu alipopenda. Nikasali adhuhuri. Nikanywa chai. Alasiri basi likaja, abiria wachache waliobaki wakashuka, mama hayumo.

Nikamshika dereva mlangoni.

"Mama yako nimeshusha mjini asubuhi," akasema. "Halafu mimi nimeenda kuziba bancha ya tairi, sbea hakuna. Nimemwambia, mama, steji imehama. Anasema hapana, ameagana na mtoto yake hapa, hapa ndio atashuka. Mama ya mtu, walaahi, nitabishana naye?"

Asingeweza kubishana naye, na hata mimi nisingeweza. Kwetu wafugaji mahali pa miadi hapahami. Mkiagana kisimani, utakaa kisimani hata kama kimekauka na watu wote wameondoka, kwa sababu mwenzako atakutafuta pale. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajakabidhiwa mbuzi. Mama alijua kwamba nalijua. Ndiyo maana hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na mimi nilikuwa nimekaa darajani na shati langu safi.

Nilinyakua baiskeli ya kijani, nikakanyaga kama mwendawazimu. Nilimwona kutoka mbali. Alikuwa ameketi chini, ndani ya kijisanduku kimoja nilichokichora mwenyewe, mkoba wake ubavuni, uso umeelekea barabarani. Magari yalikuwa yamejaa kushoto na kulia, yamemwachia nafasi yake kwa adabu, kana kwamba naye ameegeshwa.

Muuza maziwa wa pale alinijia juu kabla sijashuka. "Wewe ndio mtoto yake? Tumeleta maji, amekunywa. Kifuli ya mti amekataa, anasema akikaa kifuli mtoto yake hataona yeye. Watu wanataka kubeleka yeye kwa nyumba yako, hataki!"

Hilo nalo nililielewa. Mama mgeni akifikishwa kwa mwanawe na mtu baki, mji wote utasema mtoto hakwenda kumpokea. Alikaa juani siku nzima ili lisije likasemwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na miguu imejaa hadi viatu haviingii. Nilipiga magoti kwenye ile rangi.

"Hooyo," akaniita. Kwetu mama humwita mtoto kwa neno lile lile mtoto analomwitia yeye. "Umekonda."

Nilimpandisha nyuma ya baiskeli, kiupande, akanishika shati. Mwanamke aliyekuwa haonyeshi hata kifundo cha mguu alipitishwa sokoni juu ya baiskeli, mchana kweupe. Akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya watu wote.

"Mali ya watu wote," akasema, "nani huinywesha maji?" Akacheka kidogo, kisha nikasikia kichwa chake kimelala mgongoni mwangu. Nikashuka, nikamsukuma hadi hospitalini, nikitembea kando, nimemzungushia mkono mmoja asianguke.

Daktari alisema ni figo, na kwamba zilikuwa zimechoka tangu zamani. Alikuwa mtu mwema, alinieleza taratibu. Nilimuuliza kuhusu lile jua. Alitazama pembeni kabla ya kujibu, akasema halikusaidia.

Ndugu zake walianza kuja kutoka Habaswein, wakimtembelea kwa zamu, wakikaa naye wakati mimi niko kazini. Kila nilipojaribu kumwomba msamaha aliomba maji, au aliuliza habari za ngamia. Ijumaa ya pili tulimzika.

Msibani wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba. Mjomba wangu, kaka mkubwa kabisa wa mama, alinishika mkono mbele yao.

"Dada yangu alituambia," akasema. "Sote alituambia, mmoja mmoja. Kwamba basi lilipofika ulikuwa umeshasimama pale unamngoja, ukampokea kabla mguu wake haujagusa ardhi. Mungu akulipe, kijana."

Wanaume wakaitikia amina. Nami nikaitikia amina.