Mguu wa Kushoto wa Mume Wangu

Mume wangu alianza kuwa mtu wa salamu alipokaribia miaka hamsini. Kabla ya hapo hakuwa na muda na mtu njiani. Jumapili tukienda kanisani, kutoka nyumbani kwetu mtaa wa Jericho hadi Makadara, yeye alitangulia na Biblia kwapani, mimi na watoto tukimfuata mbiombio. Mtu akimwamkia, alijibu akiwa ameshampita.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya sabini, akaanza kusimama. Alisimama kwa fundi wa viatu akauliza bei ya soli. Alisimama mbele ya ukumbi wa mtaa akasoma tangazo la mazishi ya mtu asiyemjua. Na zaidi ya yote alisimama kwa mama mmoja aliyeuza makaa karibu na Maringo, akamjulia hali yeye, watoto wake, na mvua ya kwao.

Wanawake wa kanisani wakanipongeza. "Mzee wako siku hizi ana utu," wakasema. Mimi sikupendezwa. Yule mama wa makaa alikuwa mjane, mchangamfu, na uso wake ulikuwa mzuri hata ukiwa na vumbi. Nikavumilia Jumapili kadhaa, kisha siku moja tulipofika nyumbani nikamngoja avue koti.

"Baba watoto, makaa tunanunua hapa nyuma ya nyumba. Yule mama una shughuli gani naye?"

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ameiba kengele ya kanisa. Kisha akaketi, akapandisha mguu wa suruali, akashika kigimbi cha kushoto.

"Hapa," akasema. "Nikifika pale kwake, hapa panabana kama mtu amefunga kamba. Nikisimama kidogo panaachia. Sasa nisimame tu katikati ya njia kama mlevi? Ndiyo maana namsalimia."

Nilicheka mpaka nikakaa kitandani. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilipouliza ilianza lini, alisema imepita miezi mingi, na kwamba hapo mwanzo haikuwa ikimshika kwa mama wa makaa. Ilikuwa ikimshika mbele zaidi, karibu na kanisa. Maumivu yalikuwa yakirudi nyuma yakitujia nyumbani.

Nilimjua mwanamume huyu akiwa kijana wa kazi za vibarua, akitembea kwenda viwandani Industrial Area alfajiri na kurudi jioni, na Jumamosi anacheza mpira mpaka giza. Kisha kiwanda cha sabuni kikamwajiri, kikampenda, kikamfanya msimamizi. Kuanzia hapo gari la kiwanda lilimchukua barabarani na kumrudisha pale pale. Alipewa meza, kiti, na chai yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Jumamosi, badala ya mpira, ilikuwa nyama choma na bia na wenzake, na sigara ndizo zilizounganisha saa moja na nyingine. Nami nyumbani nilikaanga kila kitu kwa mafuta ya kopo, kwa wingi, kwa sababu sote wawili tulikuwa tumelelewa na njaa. Kitambi chake kilipotokeza, mama mkwe alikipapasa akanishukuru. Mtaani kwetu mume mnene alikuwa ushuhuda wa mke.

Yeye alisema mguu ni uzee. Jirani akasema amekanyaga kitu alichowekewa na mwenye wivu wa kazi. Nikamsikiliza jirani kwa heshima, kisha nikampeleka mume wangu hospitali.

Daktari alikuwa bado kijana, mpole wa sauti. Alimlaza mume wangu, akamvua soksi, akaweka vidole viwili juu ya wayo wa kulia. Akatulia. Kisha akahamia wa kushoto, akatulia zaidi, akasogeza vidole nyuma ya kifundo, akatulia tena.

"Mama, njoo," akaniambia. "Weka vidole hapa."

Nikaweka juu ya wayo wa kulia. Kitu kidogo kikanigonga ncha za vidole, kikanigonga tena, kama mtoto tumboni. Sikuwa nimewahi kujua kwamba moyo unafika mpaka huko chini.

"Sasa hapa."

Nikaweka juu ya wa kushoto. Nikangoja. Ngozi ilikuwa baridi kidogo, nayo ilikuwa kimya.

"Mzee, unavuta sigara?"

"Kidogo tu, daktari."

"Daktari," nikasema, "hicho kidogo kinanunuliwa kwa pakiti."

Daktari hakucheka. Alituambia kwamba mishipa inayopeleka damu kwenye mguu ule imeziba kwa ndani. Mafuta yamejipaka kwenye kuta zake miaka na miaka, na moshi umezikwaruza na kuzikakamaza. Ukikaa, damu inayopenya inatosha. Ukitembea, msuli unadai zaidi, unakosa, ndipo unalia.

"Basi ni uzee," mume wangu akasema, kana kwamba ameshinda kesi.

"Umri una sehemu yake. Mishipa ya kila mtu hukakamaa kadiri anavyozeeka. Lakini umri peke yake haungekuleta hapa mapema hivi. Na nikwambie ukweli, mzee, huu mguu sio unaonitia hofu. Mishipa ya moyo na ya ubongo ni ndugu wa hii. Kilichoingia nyumba moja huwa kimepita na nyingine."

Akampima presha, nayo ilikuwa juu. Akamwandikia vidonge, akamkataza sigara, akamkataza mafuta na chumvi nyingi. Mwisho akasema jambo ambalo mume wangu alilirudia kwa hasira njia nzima ya kurudi: "Kila siku tembea mpaka maumivu yakukamate. Simama yaishe. Kisha tembea tena."

"Nitembelee mguu mbovu?"

"Huo huo mbovu."

Nyumbani vidonge vilimezwa. Hayo mengine yalingojea. Sigara zilihamia chooni, nami nikajifanya sina pua. Mafuta nilipunguza mwenyewe, kwa kuwa jiko lilikuwa langu. Nilianza kuchemsha nyama na kutoa ule utando wa juu, na sukumawiki nikaipika kwa kitunguu na nyanya, mafuta nikidondosha tu. Watoto walinung'unika. Yeye alikula akitazama sahani kama mtu anayetafuta kilichopotea.

Kuhusu kutembea niliona kwamba hawezi kuanza peke yake, kwa hiyo nikaacha cherehani yangu jioni moja nikasema, "Twende."

"Wapi?"

"Daktari hakusema wapi."

Hilo ndilo lililokuwa gumu Eastlands, upande wetu wa jiji. Kwetu mtu alitembea kwa sababu anakwenda mahali: kazini, sokoni, kwa shemeji. Mume na mke kutoka mikono mitupu, kusimama, kutembea, kusimama, kisha kurudi walikotoka, ilikuwa kioja. Vijana waliokaa ukutani walitupigia kelele kwa lugha yao ya mtaani, wakituita baba na mama, "Niaje buda! Mathe! Mmepoteza nini?" Mume wangu akawa anabeba mfuko mtupu ili tuonekane tunatoka dukani. Na siku nyingi alisema amechoka, mguu umekataa, kesho.

Hapo ndipo mama yake alipokuja kutoka kijijini kwao, magharibi mwa nchi, na jogoo ndani ya kikapu na ndizi za kupika. Alikuwa amepita miaka sabini, mwembamba, mgongo umenyooka. Alimtazama mwanawe, akanigeukia.

"Mke wa mwanangu, mbona shingo yake imekuwa nyembamba hivi? Kiwanda kimemfukuza?"

"Hapana, mama. Ni daktari amesema apunguze mafuta. Mishipa yake ya damu imeziba."

"Daktari anapika nyumba hii?"

"Hapana, mama."

Nikainamisha kichwa, kwa kuwa mama mkwe hajibizwi. Jogoo yule nikampika nilivyojua, bila kumkaanga, naye akala akitazama sahani ya mwanawe. Kesho yake jioni niliposema "Twende" kama kawaida, mama mkwe akasimama akajifunga leso kiunoni. Alitaka kuona huko tunakoenda kila jioni.

Tukatoka watatu. Tulipofika kwa mama wa makaa, mume wangu akasimama akashika goti. Mama yake alikuwa ameshatupita. Alitembea vile wanavyotembea wanawake wa kwao wanaokwenda mtoni na soko la mbali tangu utoto, hatua fupi zisizo na haraka wala kusita, na hakugundua mara moja kwamba yuko peke yake. Alipogundua aligeuka, akarudi.

"Una nini?"

"Mguu, mama. Ni uzee."

Mwanamke yule akamtazama mtoto aliyemzaa. Pale njiani palikuwa na watu wanatoka kazini, na mama wa makaa alikuwa ameinua kichwa.

"Uzee wa nani?" akauliza. "Mimi ndiye niliyekuzaa."

Mume wangu akakisugua kigimbi chake. Tukangoja mguu uachie, tukaendelea mpaka barabara ya Jogoo. Alisimama mara nyingi, na kila mara mama yake alisimama naye. Tuliporudi alitoa pakiti ya sigara mfukoni akaiweka mezani mbele ya mama yake, kama mtoto wa shule anayetoa manati. Mama mkwe akaitumbukiza jikoni chini ya sufuria, na nyumba ikanuka tumbaku mpaka tukafungua mlango.

Nisidanganye kwamba ilikwisha hapo. Zilifuata wiki za ghadhabu ambapo hata mlio wa cherehani ulimkera. Alitafuna karafuu, alitafuna njiti za kiberiti, na Jumamosi hakwenda kwa wenzake kabisa, kwa sababu alijijua. Aliteleza mara mbili, na kila mara alirudi akaniambia mwenyewe kabla sijanusa. Kisha akatulia. Chakula kikamrudia na ladha. Siku moja alilalamika kwamba sukumawiki ina chumvi nyingi, na mimi nilikuwa nimetia chembe.

Tukaendelea kutembea. Maumivu, ambayo yalikuwa yakitujia, yakaanza kurudi kinyumenyume: yakampita mama wa makaa, yakafika ukumbi wa mtaa, yakavuka barabara. Jumapili moja tuliingia kanisani bila yeye kusimama hata mara moja, nasi tukafika mapema mno, mhudumu bado akifagia. Kabla ya mwaka kwisha alimwambia dereva wa gari la kiwanda asimngoje tena asubuhi. Wasimamizi wenzake walidhani ameshushwa cheo. Alifurahia sana kuwaacha wadhani hivyo.

Tuliporudi kwa yule daktari, nilinyoosha vidole bila kuombwa. Wayo wa kushoto ulikuwa na joto, lakini bado ulikuwa kimya. Nikamtazama daktari.

"Mshipa mkubwa bado umeziba," daktari akasema. "Huo hautafunguka. Ila vimishipa vidogo vilivyouzunguka vimekua, damu imepata njia za vichochoro. Ndiyo kazi ya kutembea." Akamfunga mkono kwa kipimo cha presha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, ulipimwa lini?"

Nikasema mimi sina shida, mimi ni msindikizaji. Akanikalisha. Mkanda ukanibana mkono, ukaachia, akarudia tena, na mara ya pili uso wake ulikuwa umebadilika. Presha yangu ilikuwa juu kuliko ile aliyokuja nayo mume wangu mara ya kwanza. Sikuwa nimehisi chochote.

"Ulidhani mafuta yale yote niliyala peke yangu?" mume wangu akaniambia tulipotoka nje. Alikuwa ameshika karatasi yangu ya dawa pamoja na yake.

Nilitaka kulia, lakini alikuwa ameshaanza kushuka kuelekea barabarani, na ilinibidi nikaze mwendo. Kituo cha basi kilikuwa karibu. Tukakipita. Tulitembea mpaka Jericho, tukinunua machungwa njiani, na tulipofika nyumbani nikakaa kwenye cherehani nikamaliza sare ya mtoto wa jirani kabla ya jua kutua.