Mpishi wa Kituo cha Matetemeko

Miaka ile Guangzhou ilipokuwa inajengwa bila kupumzika, mimi nilikuwa naishi mbali na maghorofa yake, upande wa kaskazini, juu ya milima ya Conghua, katika kituo cha kupima matetemeko ya ardhi. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, nimetoka Tanga kwa ufadhili, na profesa wangu alinipeleka kule nikae mwaka mzima nikikusanya vipimo. Watanzania wenzangu waliokuja kununua nguo kwenye soko la Shisanhang hawakunielewa. "Dada," kaka mmoja mfanyabiashara aliniambia, "watu wanakuja China kufuata maduka, wewe umekwenda porini kusikiliza mawe!"

Tulikuwa watu watatu. Fundi mkuu, mzee aliyekaribia kustaafu, tulimwita Shifu, kama mafundi wanavyoitwa kwa heshima kule. Mpishi alikuwa mama wa makamo kutoka Sichuan, jimbo la mbali upande wa kaskazini magharibi. Nilimwita Ayi, yaani mama mdogo. Wa tatu mimi.

Kila asubuhi, baada ya uji wa mchele, Shifu na mimi tuliingia kwenye handaki lililochongwa ndani ya mlima, ambako vipimo vilikaa juu ya mwamba wenyewe. Tulitembea kwa kunyata, maana hata nyayo zetu zilinaswa. Tulikagua unyevu, betri na saa, tukaandika daftarini, tukatoka. Siku iliyobaki niliimaliza mbele ya kioo cha kompyuta, nikitazama mistari mitatu ikitambaa. Shifu alinifundisha kuisoma. Mikwaruzo ya adhuhuri ni baruti za machimbo ya kokoto. Mtikisiko mnene usiokatika ni malori ya mchanga yanayokwenda mjini. Kimbunga kikiwa bado baharini, mistari ilianza kuvimba kabla hatujaona wingu. Na Mwaka Mpya wa Kichina ulipofika, viwanda vikafungwa na wafanyakazi wakarudi makwao, mistari ikawa myembamba kama uzi wa kushonea. "Jiji limeshusha pumzi," Shifu alisema.

Ayi alinitengea karai langu la kupikia, ambalo halijaguswa na nguruwe, akalifunga kitambaa chekundu kwenye mpini. Shifu akilisogelea na vijiti vyake, alifukuzwa kama kuku. Ayi alipika kwa pilipili za kwao zinazotia ganzi ulimi, na nilipolalamika alinicheka mpaka akashika ukuta.

Binti yake wa miaka kumi na mmoja alibaki kijijini na bibi yake, chini ya mteremko mkali ambao Ayi aliuonyesha kwa kiganja, hivi, umesimama wima. Kila Jumapili Ayi alipopiga simu nyumbani, alinibandika simu sikioni. Nilikuwa nimemfundisha mtoto salamu moja.

"Shikamoo, dada!"

"Marahaba, mwanangu."

Hapo mtoto aliangusha simu na kukimbia kumwambia bibi yake. Nilizisikia ndala zake sakafuni. Ayi alipanga kumleta kusini aje asome huku, shule zikifunguliwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa tano, saa nane na nusu mchana. Shifu alikuwa amejilaza baada ya chakula. Ayi alikuwa anaosha vyombo. Mimi peke yangu nilikuwa chumba cha vipimo, nikipambana na usingizi, mstari wa kwanza uliposhtuka.

Nilidhani ni baruti. Lakini baruti huruka na kuzimika, na huu haukuzimika. Uliendelea kutetemeka, ikafuata miwili mingine. Miezi minane nilikuwa nasubiri tetemeko kubwa. Nilikuwa nimelisoma vitabuni, sasa lilikuwa linapita chini ya kiti changu. Niliruka juu.

"Ayi! Ayi, njoo haraka uone!"

Alikuja na povu mikononi. Alipofika tu, mawimbi ya pili, yale mazito, yakaingia. Mistari ikajaa kioo chote, ikapandiana juu na chini mpaka huwezi kuitofautisha.

"Hee! Kama tambi zinazochemka," alisema, akapiga makofi. Povu likaruka mezani.

"Ni zuri sana," nilimwambia. "Angalia lilivyo safi."

Simu yangu ikalia. Alikuwa yule kaka mfanyabiashara, yuko ghorofa ya juu mjini. "Dada, taa inabembea huku! Watu wanakimbilia ngazi. Na sisi tutoke?"

"Tulia, kaka," nilimjibu kwa sauti ya kitaalamu. "Limetoka mbali sana hilo. Hakuna neno."

Nikamwonyesha Ayi jinsi tunavyopima. Muda kati ya wimbi la kwanza na la pili unakuambia tetemeko limetokea umbali gani, ila hauonyeshi upande. Nilipiga hesabu, nikapata zaidi ya kilomita elfu moja. Nilitandika ramani, nikampa Ayi ncha ya uzi aishike pale penye Guangzhou, nami nikazungusha penseli. Mduara ulipita Laos, ukapita Yunnan, ukapita Sichuan, ukaenda kaskazini na kurudi baharini.

Ayi aliinama. "Mduara wako umepita mpaka mlangoni kwangu," alisema, akacheka. Nami nikacheka.

Shifu aliingia akiwa na ndala, shati halijafungwa vifungo. Hakukaa. Alitazama mistari yote mitatu, mwanzo kabisa, pale wimbi lilipogusa, maana mtu mzoefu anaona hapo limetoka upande gani.

"Kaskazini magharibi," alisema. Kisha akamwona Ayi, kidole chake bado kiko kwenye uzi. Akanigeukia, akaniuliza polepole, "Nani amemwita huyu?"

Nakumbuka Ayi alivyouachia ule uzi. Alifuta mikono kwenye aproni, akaenda jikoni kuchukua simu. Namba haikupatikana. Alipiga tena, akapiga tena. Chaji ilipokwisha alikuja kutumia simu ya kituo, akasimama akibonyeza namba ileile mpaka jua likazama. Shifu alikaa karibu naye. Mimi nilikwenda kumalizia vyombo vyake.

Siku ya tatu tulimpeleka stesheni ya treni Guangzhou. Ukumbi ulijaa watu wa kwao waliotoka viwandani na kwenye majengo, wengine bado wamevaa kofia za ujenzi, na karibu wote walikuwa na simu sikioni na hakuna aliyekuwa anaongea. Ayi alishika mkono wangu kidogo, akaingia.

Tuliporudi kituoni, nilifungua daftari. Siku ya tetemeko, kwenye nafasi ya maelezo, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: wimbi zuri, limesomeka vizuri sana. Nilimwomba Shifu ruhusa nikate maneno hayo. "Daftari la kituo halikatwi," alisema.

Kisha ikaanza miezi ya mitikisiko midogo. Kule Sichuan ardhi iliendelea kutulia, na kila ilipojigeuza, mistari yetu ilishtuka, mara nyingine nikiwa na kijiko mdomoni. Kila mmoja ilinibidi niupime na kuuandika. Mara kwa mara, kabla sijaandika, masikio yangu yalisikia ndala zikikimbia sakafuni, nikageuka, mlango uko wazi na nje kuna mianzi tu.

Ayi alirudi mwezi wa nane. Mteremko ulikuwa umeshuka wote, akasema, na nyumba ya mama yake imo chini yake, na shule ya mtoto pia. Hawakupata cha kuzika. Aliyasema hayo mara moja tu, kisha akaingia jikoni akawasha jiko.

Tangu siku hiyo kila mchana alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, mikono imelowa. "Leo je?" aliuliza. Nami nikamjibu: leo hapana, au leo mara moja, kidogo. Alitikisa kichwa akaondoka.

Siku moja hakuuliza hilo. Alisema, "Nionyeshe dakika ile."

Nilimfungulia. Alivuta kiti akakaa, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Wimbi lilichukua muda gani kufika hapa?"

"Karibu dakika tatu."

Alifikiri. "Kwa hiyo uliponiita, kule kulikuwa kumekwisha. Nilipopiga makofi, wao walikuwa wameshakwenda."

Sikujua kama ni hivyo. Ardhi ya kule ilitikisika kwa muda mrefu, na milima mingine iliendelea kuporomoka baadaye. Huenda mteremko wake ulishuka mapema. Huenda ulishuka wakati tunazungusha penseli. Hakuna chombo chetu kilichoweza kusema.

"Ndiyo, Ayi," nilijibu. "Kulikuwa kumekwisha."

Alinitazama usoni kwa muda. Sijui kama aliamini. Alisema, "Vizuri," akarudi jikoni, nikasikia kisu kikikata vitunguu.

Mwisho wa mwaka aliacha kazi, akaenda kupika katika kantini ya kiwanda cha jinzi, kwenye mji mdogo wa Xintang. Nilimtembelea mara moja kabla sijarudi nyumbani. Alinipokea vizuri, akanipikia mayai kwenye sufuria mpya ili niwe na amani, akakaa mbele yangu na vikombe viwili vya chai. Hakutaja kituo, wala mimi sikukitaja. Tuliongea habari za mvua.

Lori la makontena likapita barabarani, zito, na chai ikaanza kucheza ndani ya vikombe. Ayi aliweka kiganja juu ya kikombe chake, akakishikilia hivyo, macho yakiwa chini. Lori lilipokwisha kupita, bado hakuutoa mkono.