Nusu ya Kikapu cha Mama Zaina

Kwa nini mtu atoke Nyangwe na kikapu cha samaki, akae nacho sokoni Kasongo, kisha akatae kukiuza? Swali hilo lilinianza siku yangu ya kwanza kazini.

Jana yake nilikuwa nimeshuka kwenye lori kutoka Kabambare, niwe monitrisi, yaani mwalimu msaidizi, katika foaye, nyumba ambamo Wabelgiji walifundisha wanawake kushona, kupika na kulea watoto. Mkurugenzi, Madame aliyesema Kingwana, Kiswahili cha kwetu, kama anayefukuza kuku, alinikabidhi kazi moja.

"Somo ya leo ni samaki wa moshi. Lete kikapu muzima. Ukishindwa, lori ya kurudi Kabambare iko kesho."

Jumba la soko nililisikia tangu utotoni, maana mama yangu alilifikia kwa miguu kuuza karanga. Lilikuwa la matofali ya kuchoma, kongwe kuliko wote waliouza ndani yake. Nilipoingia nikasahau nilichotumwa! Mwanga ulipenya matundu ya juu, ukapiga chupa za mawese na vilima vya mchele mpya. Kelele zilipanda hadi kwenye mapaa, zikaturudia. Nilizunguka lote nikicheka peke yangu.

Samaki walikuwa mwisho kabisa, kwa muuzaji wa kutoka Nyangwe aliyeitwa Mama Zaina.

"Mama, nipe kikapu chote, ni cha somo la foaye."

"Yote? Apana, mutoto. Nusu iko. Ile ingine inabaki."

"Umekuja kuuza, ao kuangalia samaki?"

"Nikikuuzia yote saa hii, nitabaki hapa nauza nini? Miguu yangu?"

Wauzaji wote wakaangua kicheko.

"Nani mwingine atanunua?"

"We mwalimu, unauliza sana! Beba nusu, ao uende."

Nikabeba nusu. Nusu ilimaanisha lori la kurudi Kabambare, kwa hiyo nikajaza pengo kwa vyote vilivyonivutia: ndagala, wale dagaa wa ziwani, uyoga mkavu, sombe ya majani ya muhogo, kumbikumbi. Kila muuzaji nilimuuliza anavyopika, na kila mmoja alimpinga jirani yake.

Madame alikodoa macho. "Nilisema samaki. Hii ni nini?"

"Ni soko, Madame."

Akachukua kumbikumbi mmoja, akamtafuna taratibu. Akachukua wa pili.

"Basi fundisha soko."

Wanafunzi walibishana juu ya sombe mpaka jua likazama. Kesho yake lori liliondoka bila mimi.

Baadaye nilihamishiwa Nyangwe, kisha nikarudishwa Kabambare, na baada ya uhuru nikasoma chuo kikuu. Kila mji mpya nilianza na soko, na moyo ulinidunda vilevile. Ile nusu ya kikapu iliendelea kunisumbua. Mazoea? Ukaidi? Hofu ya kukaa bure?

Nilipostaafu nilirudi kuishi na mama, mzee sana sasa. Siku moja nikamsimulia. Akaacha kumenya muhogo.

"Zaina wa mwisho wa jumba? Ile nusu ilikuwa ya siye, wa kutoka mbali na miguu. Tulifika soko inaisha. Yeye peke yake alituwekea samaki, tunamupa karanga."

Samaki wote niliokula utotoni, kila mama aliporudi kutoka Kasongo, walitoka katika nusu ile.