Siku Fundi Sebastian Alipotuzwa

Chausiku Mwinshehe, Mama Talha kwa waliomzoea, hakuwahi kusoma kitabu cha biashara, na kwa muda mrefu upungufu huo ulimsaidia. Karakana yake ya Chanika, banda la mabati lisilo na kuta, hutengeneza miko, pawa na mbuzi za nazi kwa vipande vya mninga ambavyo mafundi milango wangevichoma moto. Faida hugawanywa kwa wanaofanya kazi. Wenye elimu yao huita mpango huo biashara jamii. Chausiku aliuita "kazi yetu ile".

Soko lake lilikuwa shughuli za wanawake. Tangu afiwe na mumewe, yeye ndiye mshereheshaji wa kicheni pati anayetafutwa kuanzia Gongo la Mboto mpaka Mbagala. Anaita watu mmoja mmoja, anaeleza huyu ni nani kwa bibi harusi, naye anayeitwa huja akicheza huku wenzake wakimtuza, noti zikibandikwa kwenye paji la uso. Shughuli ikiisha, kila mama anaondoka na namba ya Chausiku. Wiki inayofuata anaagiza pawa. Kuna wataalamu wanaolipwa kufundisha jambo hilo kwa siku tatu, chakula cha mchana kikiwemo.

Wafanyakazi nao aliwapata kwa kufahamiana. Raudha, kiziwi, aliletwa na shangazi yake, mwenzake Chausiku kwenye kikoba cha kuweka na kukopa, akawa mpiga msasa asiye na mfano. Editha wa Songea alikuwa akiwauzia masista vitumbua, hivyo akaja na oda za jiko la kila nyumba ya watawa aliyoijua. Mama wa Kizaramo kama Chausiku, peke yake, asingefika kwenye majiko hayo hata kwa ramani.

Halafu Sebastian, mchongaji wa Kimakonde. Mashine ilimkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto huko Mwenge, na waliokuwa wakimpa kazi wakamshauri apumzike. Chausiku hakumshauri kitu. Alimuuliza kama anaweza kuchonga upawa usiomwaga mchuzi. Akachonga. Usaili ukaishia hapo.

Miaka kumi na moja wakanywa chai ya asubuhi kwenye benchi moja, Chausiku akimsema kwa kuzidisha sukari, Sebastian akimwambia Wazaramo wakipewa ngoma na kazi wachague, kazi italala njaa. Majirani walikwishawaozesha zamani, wakabaki kubishania dini ya watoto, ingawa umri wa wahusika ulikuwa umeshaumaliza ubishi huo. Wenyewe hawakuwahi kuambiana neno juu ya hilo.

Mwaka jana, kwenye mkutano wa wajasiriamali Kinondoni, Chausiku alikutana na Lulu, binti anayeunganisha wafanyabiashara wadogo na wanunuzi wakubwa.

"Shikamoo mama. Hiyo timu yako mchanganyiko, watu wanaitafuta kwa tochi."

"Marahaba. Mie nilidhani wanatafuta miko."

Lulu aliahidi kuleta wageni watakaonunua mwaka mzima. Banda lingepata kuta. "Wewe waeleze tu nani ni nani," alisema, na kwa Chausiku kueleza nani ni nani kulikuwa na namna moja tu.

Siku ilipofika alikodi spika. Akamwita Raudha: "Huyu hasikii, lakini umbea wa Chanika wote anao." Raudha aliyasoma midomoni, akacheka, akaja akikata mauno. Akaja Editha. Kisha Chausiku akapandisha sauti kama anavyofanya kwa mama mzazi wa bibi harusi.

"Na huyu ndiye Fundi Sebastian, mlemavu wetu. Mkono huu vidole viwili tu, jamani, na pawa zote mnazoziona ni zake."

Vigelegele vikapigwa. Wageni, ambao Lulu alishawaeleza kwamba hapa mtu hutuzwa, walijipanga foleni kwa adabu kubwa, wakambandika noti pajini mmoja baada ya mwingine. Sebastian hakucheza. Noti moja ilidondoka. Akaiokota, akamrudishia mwenyewe. "Umeangusha," akasema.

Wageni walikubali oda siku ileile. Jioni Sebastian alinoa patasi zote, hata zile zisizohitaji kunolewa, akaaga kama kawaida. Kesho yake Chausiku alikunywa chai peke yake.

Alingoja wiki nzima. Tofali za kuta zilikuwa zimeshashushwa alipokwenda Pugu, alikopanga Sebastian. Alikaribishwa vizuri, akapewa kiti chenye mgongo.

"Seba, mie nilikusifu."

"Ulinisifu. Sikatai."

"Sasa kosa nini? Kwetu mtu akituzwa kaheshimiwa. Mie mwenyewe nimetuzwa mara ngapi."

"Wewe ulituzwa umecheza. Mie nilikuwa nimesimama tu."

Sebastian alivuta kigoda, akakaa.

"Pale kwako, Mama Talha, miaka yote hiyo sikuwahi kupungukiwa kidole. Siku ile ndiyo nilivihesabu."

"Rudi. Nitawaambia wote kwamba nilikosea."

"Usiwaambie tena kitu. Jumamosi nakwenda Newala, kwa dada yangu Anastasia. Tiketi nimeshakata."

"Na Raudha nani atamfundisha kuchonga?"

"Raudha kanizidi siku nyingi. Nilikuwa nafanya siri tu, asije akavimba kichwa."

"Na mie?"

Alilisema taratibu. Ni swali alilokuwa nalo kwa miaka kadhaa, na lilikuwa limechagua siku mbaya. Sebastian alilifikiria kwa haki, kama mtu anayekagua ubao kabla ya kuukata.

"Wewe una watu wengi," akasema.

Ilikuwa kweli. Simu ya Chausiku ilikuwa na majina zaidi ya elfu moja, na wengi wao wangemfuata popote angewaita.

Chausiku alipoinuka, Sebastian alimsindikiza hadi kituoni, maana mgeni husindikizwa. Waliongea habari za mvua. Njia nzima mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni.